KHUTBA YA IJUMAA: PUMZI YA MJAMZITO NA MOSHI WA JIKONI

KHUTBA YA KWANZA

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa tone la maji, akamhifadhi katika tumbo la mama yake, akampa riziki mahali ambapo hakuna mkono wa kumlisha wala jicho la kumtazama. Tunamshukuru kwa neema tunazozijua na kwa zile tunazozisahau. Na katika tunazozisahau mno ni pumzi, kwani mtu huivuta usiku na mchana asiihesabu, hata siku inapomwia nzito ndipo anapojua kuwa alikuwa tajiri. Tunashuhudia ya kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na tunashuhudia ya kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu Waislamu mliohudhuria, nanyi mnaotusikiliza majumbani, nakuusieni pamoja na nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu. Na kumcha Mungu si msikitini tu. Kuna ucha Mungu wa sokoni, nao ni kutimiza mizani. Kuna ucha Mungu wa ulimi, nao ni kusema kweli. Na kuna ucha Mungu wa nyumbani, nao ni kuwachunga wale tuliokabidhiwa. Leo tutazungumza juu ya huo wa nyumbani, na hasa juu ya mahali ambapo wengi katika sisi wanaume hatuingii ila kwa kupita, yaani jikoni. Tutamzungumza mtu mmoja aliyemo humo, naye ni mama mjamzito, na kitu kimoja anachokivuta humo, nacho ni moshi.

Huenda akatokea mwenye kuuliza: "Moshi una nini na mimbari?" Jawabu yake ni kuwa Mtume wetu (S.A.W.) ameutaja moshi wa jikoni. Katika hadithi aliyoipokea Abu Huraira, iliyomo katika Sahihi ya Imam Muslim, Mtume alituelekeza kwamba mtumishi akimpikia mtu chakula na kumletea, basi bwana wake amkalishe naye ale. Na chakula kikiwa kichache, asikose kumtilia mkononi angalau tonge moja au mawili. Na sababu aliyoitaja ni kuwa huyo mpishi ndiye aliyelikabili joto la moto na moshi wake. Fikirini, ndugu zangu. Mtume hakuuona moshi kuwa ni jambo dogo la wanawake na watumishi. Aliuhesabu kuwa ni taabu, na aliyeibeba taabu hiyo akampa haki kwa sababu yake. Ikiwa mtumishi wa kulipwa anayo haki kwa moshi aliouvuta saa moja, je, mke wako anayeuvuta kila siku, asubuhi na jioni, na ndani ya tumbo lake amembeba mwanao, haki yake ni kiasi gani?

Ndugu zangu Waislamu, hebu tuyasikilize yanayosemwa majumbani mwetu. Mwanamke mwenye mimba ya miezi sita anatoka jikoni, ameshika kifua, macho yanamtoka machozi, anasema: "Leo jiko limenishinda, pumzi inanipanda." Basi hujibiwaje? Mume husema: "Wewe siku hizi umekuwa wa kudeka." Na wakati mwingine mzee wa nyumba huongeza: "Sisi tulizaa kumi kwa moshi huu huu, na mimba si ugonjwa." Mama yule hunyamaza, akajifuta uso kwa kanga, akarudi kuchochea kuni. Naye huenda akajilaumu moyoni, akadhani ni kweli amekuwa mvivu.

Ni kweli kwamba mimba si ugonjwa. Lakini mimba ni mzigo, na aliyeshuhudia kuwa ni mzigo si daktari wala si mwandishi wa gazeti, bali ni Muumba mwenyewe. Katika Sura ya Luqmani, aya ya 14, Mwenyezi Mungu anatuusia juu ya wazazi wetu wawili, kisha akamtenga mama kwa kuutaja udhaifu wake wa kuchukua mimba, udhaifu unaozidiana. Na katika Sura ya Al-Ahqaf, aya ya 15, ameitaja taabu ya kubeba na taabu ya kuzaa. Basi anayesema kuwa mjamzito anadeka na ajihadhari, asije akalipinga jambo lililokwisha kutajwa na Mola wake.

Na leo wataalamu wa mwili wa binadamu wametufafanulia sehemu moja ya udhaifu huo, nayo ni ya pumzi. Nawaomba msikilize kwa makini, na hasa nyinyi wanafunzi, kwani hili ni katika elimu inayomzidishia mtu imani.

Mtu mzima aliyetulia huvuta na kutoa hewa kiasi cha lita 7 kwa dakika moja. Kwa usiku na mchana hiyo ni kama lita 10,000. Mwanamke akishika mimba, mwili wake hutoa kwa wingi kichocheo kiitwacho projesteroni, na moja ya kazi zake ni kuiamuru akili ya mwili ivute pumzi zaidi. Jambo hili huanza mapema, katika miezi ya kwanza, kabla hata tumbo halijaonekana. Mimba inapokua, hewa anayoivuta huzidi kwa kiasi cha 40 katika 100, pengine hata nusu nzima. Wala haongezi sana idadi ya pumzi. Anachoongeza ni kina chake. Kila pumzi huteremka ndani zaidi. Basi zile lita 10,000 huwa kama lita 14,000. Mwenyezi Mungu ameyapanga haya kwa hekima, kwani mama sasa anapumua kwa ajili ya nafsi mbili, na mwili wake unahitaji oksijeni zaidi kwa kiasi cha moja ya tano.

Lakini hapo hapo penye neema ndipo penye mtihani. Chini ya mapafu upo msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Mtoto anapokua, msuli huo husukumwa juu, pengine kwa sentimita 4. Hewa ya akiba inayobaki mapafuni baada ya mtu kutoa pumzi hupungua kwa kiasi cha moja ya tano. Maana yake ni nini? Ni kwamba haja imeongezeka na akiba imepungua. Mfano wake ni nyumba iliyopata wageni huku mtungi wa maji umepunguzwa: maji yakikatika kisimani kwa muda mfupi tu, nyumba hiyo itaona kiu kabla ya jirani. Ndiyo sababu mjamzito akiingia penye hewa mbaya huchoka upesi na kuhema upesi kuliko mtu mwingine aliyesimama hapo hapo.

Na tazameni pua. Mwenyezi Mungu ameiweka pua iwe mlinzi wa mlango, huchuja vumbi na kuipasha hewa joto. Katika mimba damu huongezeka mwilini, na ngozi laini ya ndani ya pua huvimba kwa wengi, wakawa kama wenye mafua yasiyokwisha. Mwenye pua iliyoziba hupumua kwa kinywa, na kinywa si mlinzi mwema. Basi hewa nyingi zaidi inaingia, inateremka ndani zaidi, na wakati mwingine imeupita mlango usio na bawabu.

Sasa, ndugu zangu, chukueni hewa hiyo muitie moshi. Wawili wamekaa katika jiko moja, mjamzito na asiyekuwa mjamzito, moshi ni ule ule na saa ni ile ile. Aliye mjamzito atakuwa ameingiza kifuani mwake takataka zaidi, kwa sababu amevuta hewa zaidi. Hakufanya kosa lolote. Ni mwili wake uliotii amri ya kumpumulia mwanawe.

Na kuna jambo la pili, juu ya hilo la wingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani waliwafanyia majaribio panya, wakatangaza matokeo mwaka 2008. Waliwatia panya puani chembe za moshi wa dizeli, na wengine wakawatia unga mweupe wa titani dioksaidi, ule unaochanganywa katika rangi za kupaka ukutani, ambao siku zote ulihesabiwa kuwa hauudhi mapafu kwa kiasi kikubwa. Panya wasiokuwa na mimba hawakudhurika sana kwa unga ule. Wenye mimba mapafu yao yaliwaka uvimbe. Na watoto waliozaliwa na panya wale wakaonekana kuwa wepesi wa kupatwa na hali inayofanana na pumu. Panya si binadamu, wala haifai kumpimia mtu kwa kipimo cha panya peke yake. Lakini jaribio lile linaonyesha kwamba mimba yaweza kuyabadilisha mapafu yenyewe, hata kitu kilichokuwa kikivumilika jana, leo kisivumilike. Na kwa wanadamu, madaktari wanajua siku nyingi kuwa wanawake wenye pumu, wanaposhika mimba, kwa makadirio theluthi moja huzidiwa, theluthi moja hupata nafuu, na theluthi moja hubaki kama walivyokuwa. Basi asiseme mtu, "Shangazi yangu alikuwa na mimba na moshi haukumfanya kitu." Shangazi yako si mke wako, na mimba ya jana si mimba ya leo.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, moshi una nini ndani yake? Una mambo mengi, na katika hayo nitataja mawili.

La kwanza ni chembe ndogo mno za masizi. Zile zinazohofiwa zaidi hazizidi sehemu mbili na nusu za elfu moja ya milimita; ukizipanga ubavu kwa ubavu, kiasi cha chembe 25 au 30 zingeenea katika unene wa unywele mmoja. Jicho linaona wingu, lakini halizioni hizo. Pua haiwezi kuzizuia. Hufika hadi kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwisho wa mapafu, na baadhi yake huingia katika damu. Mwaka 2019 watafiti wa Ubelgiji walitangaza kuwa wamezikuta chembe za kaboni katika kondo la nyuma, upande ule unaomwelekea mtoto. Mwaka 2022 wao pamoja na wenzao wa Aberdeen, huko Scotland, wakatangaza kuwa wamezikuta katika ini, mapafu na ubongo wa watoto ambao walikuwa bado hawajazaliwa. Subhanallah! Mtoto hajavuta hata pumzi yake ya kwanza duniani, na masizi yetu yamekwisha kumfikia.

La pili ni gesi isiyokuwa na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksaidi. Hii hushikamana na damu kwa nguvu inayopita ya oksijeni zaidi ya mara 200, ikakalia kiti ambacho oksijeni ingekikalia. Na damu ya mtoto aliye tumboni huishika gesi hiyo na kuchelewa kuiachia kuliko damu ya mama. Mama aweza kutoka nje, akapunga upepo, akaona nafuu. Na mtoto bado angali katika dhiki. Jihadharini hapa, kwani mkaa ndio unaotuhadaa. Kuni hutoa moshi mwingi, mtu akakohoa na kukimbia. Mkaa ulioshika vizuri huonekana msafi, mwekundu, hauna moshi, na watu huuingiza chumbani wakati wa baridi au wakati wa mvua, wakafunga mlango. Na hapo ndipo gesi ile inapojaa. Wako waliolala hivyo wasiamke. Mtume wetu (S.A.W.) alikwisha kutukataza kuacha moto ukiwaka majumbani tunapolala. Aliyeushika mwongozo huo alisalimika karne nyingi kabla ya kujulikana jina la gesi hiyo.

Na matokeo ya haya yote ni nini? Utafiti uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kwamba hewa chafu wakati wa mimba huandamana na kuzaliwa mtoto mwenye uzito chini ya gramu 2,500, na kuzaliwa kabla ya miezi kutimia, na hata kuzaliwa mfu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2020 moshi wa majumbani uliwaua watu milioni 3.2 ulimwenguni, na katika hao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Si kila mtoto mdogo ni kwa sababu ya moshi. Yako malaria, iko njaa, upo upungufu wa damu, na juu ya yote iko kudra yake Mola. Lakini kudra haituondolei wajibu. Tumeamrishwa kumfunga ngamia ndipo tutawakali.

Sasa sikilizeni hoja ambayo ningependa kila mmoja wenu aondoke nayo. Kufunga Ramadhani ni nguzo katika nguzo tano za Uislamu. Lakini sheria imemruhusu mjamzito anayehofia nafsi yake au mwanawe kula mchana wa Ramadhani, akalipa baadaye kwa mpango walioueleza wanazuoni. Sala nayo ni nguzo, na asiyeweza kuisali kwa kusimama huruhusiwa kuisali kwa kukaa. Basi ikiwa Mola Mtukufu, mwenye haki kuliko wote, amemwondolea mjamzito uzito wa haki yake, wewe mja una haki gani iliyo kubwa kuliko hiyo hata ukatae kumwondolea moshi? Je, wali wako wa mchana ni faradhi kuliko Ramadhani?

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake mwaminifu.

Ndugu zangu Waislamu, elimu isiyotendewa kazi ni mti usiozaa. Basi baada ya kuyajua hayo, tufanye nini?

Kwanza, tumsadiki mke anaposema pumzi inampanda. Kumsadiki hakugharimu senti moja. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa juu ya mwenendo wa Mtume nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Kama huyo ndiye Mtume, ni nani katika sisi atakayevunjikiwa heshima kwa kuwasha jiko? Mume na auwashe moto uwanjani, auache moshi wa mwanzo utoke, ndipo mke alikaribie. Vijana wa nyumba, wa kiume na wa kike, wapokezane kuchochea. Na mama wakwe, ambao ni mama zetu na taji zetu, nawaomba kwa heshima kubwa: mlipita katika moshi mwingi mkiwa hamna njia nyingine, na Mwenyezi Mungu atawalipa kwa subira yenu. Lakini msiifanye subira yenu kuwa deni la wakwe zenu.

Pili, tutazame jiko lenyewe. Jiko lililo chumbani mlipolala ni hatari. Anayeweza kupika uwanjani au chini ya banda lililo wazi na afanye hivyo. Asiyeweza, na atoboe ukuta chini ya paa upande wa pili wa dirisha, ili hewa ipate njia ya kuingia na moshi njia ya kutoka. Na mwenye uwezo ajenge jiko lenye bomba la kuutoa moshi nje kabisa. Kuni na zikaushwe, kwani kuni mbichi, na makumbi ya nazi yenye unyevu, ndiyo mama wa moshi. Maharage na yalowekwe tangu usiku, na chungu kifunikwe, ili kipindi cha kukaa motoni kipungue. Taka za plastiki zisitiwe jikoni kuwa ni za kuwashia, wala zisichomwe uwanjani mbele ya dirisha la mjamzito. Na taa ya koroboi, kwa wale ambao bado wanaitumia, si ndogo kama inavyoonekana: katika kila sehemu 100 za mafuta ya taa inayoyaunguza, sehemu 7 hadi 9 hugeuka masizi meusi. Anayeweza kupata taa ya jua na aibadilishe.

Tatu, moshi wa sigara. Mtume (S.A.W.) alimkataza aliyekula kitunguu saumu kibichi asikaribie msikiti, ili harufu yake isiwaudhi wenziwe. Hiyo ni harufu tu, na kitunguu saumu ni halali. Basi vipi kuhusu anayekaa sebuleni na mkewe mjamzito, akampulizia moshi unaomdhuru yeye na kiumbe asiyeweza hata kupiga kelele?

Nne, na hapa nasema na watu wa pwani yetu, ubani na udi. Manukato ni sunna, na nyumba yenye harufu nzuri ni ya kupendeza. Lakini chetezo nacho ni jiko: mna makaa ndani yake, na moshi wake ni moshi. Tunayo ada ya kumweka mzazi na mtoto wake mchanga katika chumba kilichofungwa siku arobaini, tukawafukizia asubuhi na jioni, na pengine jiko la mkaa likawekwa chini ya kitanda wapate joto. Tunafanya kwa mapenzi. Lakini mapafu ya mtoto yule yangali yanajengwa, kwani vifuko vyake vya hewa huendelea kuongezeka hata baada ya kuzaliwa. Nguo na zifukizwe nje, kisha zivaliwe. Chumba na kifunguliwe dirisha. Na joto litafutwe kwa nguo na mablanketi, si kwa makaa.

Tano, shughuli zetu. Katika maulidi, hitima na harusi, hukokwa moto mkubwa chini ya masufuria ya pilau, na wanawake wa mtaa huitwa kusaidia. Mjamzito naye huja, kwa sababu akikosekana atasemwa. Enyi akina mama, mpeni kazi ya kuchambua mchele au kupanga sahani upande unakotoka upepo, na msimsengenye. Thawabu ya shughuli haimo katika moshi.

Sita, mwenye pumu. Wako wanaoacha dawa yao ya kuvuta pindi wanapojua kuwa wana mimba, wakihofia kumdhuru mtoto. Hilo ni kosa la hatari. Pumu isiyotibiwa humnyima mtoto hewa. Aende kliniki, aseme kuwa ana mimba na ana pumu, na asiache dawa ila kwa shauri la daktari. Na mjamzito yeyote anayehema akiwa amekaa, au kifua kinalia, au midomo inageuka rangi, au anaumwa kichwa na kizunguzungu akiwa karibu na jiko la mkaa, atolewe nje upesi na apelekwe hospitali. Hapo si pahala pa kungoja ruhusa ya mume aliyesafiri.

Na kuna jambo nitakalolisema kwa uaminifu, kwa kuwa mimbari si mahali pa kuahidi kisichojulikana. Wako watakaodhani kwamba ukinunua mtungi wa gesi leo, kila kitu kimekwisha. Katika nchi nne, nazo ni Rwanda, India, Guatemala na Peru, wanawake wajawazito wapatao 3,200 waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa majiko ya gesi na gesi ya bure, fungu la pili likaendelea na kuni na kadhalika. Matokeo yalitangazwa mwaka 2022. Chembe za masizi katika hewa ya wanawake wa gesi zilikuwa kiasi cha mikrogramu 24 kwa kila mita ya ujazo, na katika hewa ya wale wa fungu la pili zilikuwa kiasi cha 70. Hiyo ni nafuu kubwa kwa kifua cha mama. Lakini uzito wa watoto waliozaliwa haukutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa.

Nasi tuna la kuzingatia hapo. Wale mama waliingizwa katika utafiti mimba ikiwa imekwisha kufika wiki 9 na zaidi. Na hata hewa yao iliyopata nafuu ilikuwa bado juu ya mikrogramu 15, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021, lilishauri kisipitwe katika siku moja. Basi tusingoje mimba ndipo tuanze kutafuta hewa safi. Tuanze siku ya ndoa. Na tusidhani kuwa nyumba moja yaweza kujiokoa peke yake, ikiwa jirani wa kushoto anachoma taka na wa kulia anapika kwa kuni mbichi. Hewa haina ukuta. Jambo hili ni la mtaa mzima.

Nchini Tanzania serikali ilizindua mwezi Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ambao shabaha yake ni asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ifikapo 2034. Hilo ni jema, na tuliunge mkono. Lakini mjamzito wa leo atajifungua kabla ya 2034. Basi kamati za misikiti na wenye uwezo, mnaotafuta mlango wa sadaka inayoendelea, mlango ndio huu. Watafuteni wajawazito maskini wa mtaa, mwone wanapikia wapi. Huyu mjengeeni banda la nje, yule mnunulieni jiko bora, na wa tatu mjazieni mtungi wa gesi kila unapokwisha, kwani mtungi mtupu haupiki. Sadaka hiyo itavutwa na mapafu mawili kwa pumzi moja.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, leo baada ya sala, kila mwenye mke, au binti, au dada mjamzito, afanye jambo moja kabla hajakaa kula. Aingie jikoni wakati moto unawaka, afunge mlango, akae humo kwa muda wa sura fupi mbili tatu. Kisha akumbuke kuwa yeye amevuta pumzi ya mtu mmoja tu.

Ewe Mola wetu, wahifadhi mama zetu, wake zetu na binti zetu waliobeba mimba. Wafanyie wepesi katika kubeba kwao na katika kuzaa kwao. Wakunjulie vifua vyao, na uwape hewa njema nje na ndani. Uwalinde walio matumboni, ambao hawana msemaji ila sisi, na sisi hatuna nguvu ila kwako. Utusamehe kwa neno tulilowaambia walipochoka, nasi hatukujua. Uwarehemu mama zetu waliotangulia, waliotupikia katika moshi hata macho yao yakaingia ukungu, uwalipe kwa kila pumzi nzito pepo pana yenye upepo mwema. Wasaidie wanaowatibu wagonjwa wetu, na uwaongoze wanaotuongoza. Ewe Mola, ipokee dua yetu.

Amin, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Simameni kwa sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.